Namsifu na Vibanda Vitatu vya Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Kulikuwa na nini?

Kulikuwa na mlima mrefu wenye zimwi, na mama mmoja aliyetaka kuuvuka.

Basi mama huyo aliitwa Namsifu. Mumewe alikuwa amekufa, na mtoto wake wa pekee, Nakiete, alikuwa ameolewa upande wa pili wa mlima. Siku moja mpita njia akamletea salamu: Nakiete ni mjamzito, mwezi wake umefika, anamtaka mama yake.

Namsifu akajitwika mzigo, akaenda kwa Mzee Kallaghe, ambaye ujanani alikuwa akivusha chumvi mlimani.

"Babu, nataka kuvuka. Niambie njia."

Mzee akamtazama miguu.

"Ni siku nne," akasema. "Wazee walijenga vibanda vitatu, na kila usiku utalala katika kimoja. Cha kwanza kiko msituni, cha pili kwenye mianzi, cha tatu juu kabisa, kwenye mawe na baridi. Jua likiinama, uwe ndani na mlango umefungwa. Zimwi haliwezi kuingia kibandani, lakini linajua kuita. Huchukua sauti ya mtu umpendaye."

Kisha akamwambia afungue mzigo. Akatoa mchi. Akatoa chungu. Akatoa nusu ya unga.

"Chukua unga wa siku nne, ndizi kavu, kibuyu cha maji na blanketi. Haya mengine yatakuua kabla ya zimwi."

"Chungu nilitaka kumpelekea mwanangu."

"Wewe mpelekee mama yake, inatosha," mzee akasema.

Siku ya kwanza Namsifu akatembea, akatembea, akatembea. Matope yalimfika magotini. Jua lilipoinama akaingia kibandani, akafunga mlango.

Sauti ikatoka msituni. Ilikuwa sauti ya mumewe. "Namsifu, toka. Nimekuja kukubebea mzigo."

Namsifu mabega yalikuwa yanamuuma. Lakini akajibu, "Wewe nilikuzika." Akajifunika blanketi.

Siku ya pili akatembea, akatembea, akatembea. Mvua haikukatika, na nguo zilimgandia mwilini. Alipofika kwenye mianzi hakuwa na nguvu ya kuwasha moto. Akatafuna ndizi kavu, akafunga mlango.

Sauti ikaja, ya mama yake mzazi. "Mwanangu, toka, nikukande miguu."

Miguu ilikuwa imevimba. Namsifu akalia kidogo. "Mama, na wewe nilikuzika."

Siku ya tatu akatembea, akapumzika, akatembea. Juu kule hakuna mti, ni mawe na upepo. Kila hatua alivuta pumzi mara mbili. Kibanda cha tatu alikiingia kwa kutambaa, akaangusha komeo.

Akasikia, "Mama, njoo. Nimeshikwa na uchungu."

Ilikuwa sauti ya Nakiete. Na huyu hakumzika. Huyu alikuwa hai.

"Mama, njoo. Niko peke yangu."

Namsifu akainuka, akashika komeo. Akaegemea mlango asianguke. Akajua kwamba akitoka hatapiga hata hatua kumi. Basi akaachia komeo, akaketi chini, mgongo mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "kama ni wewe, nisamehe. Nimechoka. Nikitoka sasa sitafika kwako."

"Mama, njoo," sauti ikasema mara ya tatu, taratibu sana. Kisha ukabaki upepo tu.

Asubuhi akafungua. Nyayo kubwa zilikuwa zimezunguka kibanda, kisha zikaelekea ukingoni mwa genge. Akachungulia. Chini kabisa kulikuwa na fimbo za kutembelea, nyingi, na mablanketi ya watu yaliyochakaa.

Siku ya nne akateremka, na jua lilipokuwa utosini akafika. Nakiete alikuwa amelala kitandani, na pembeni yake katoto ka kike kamefungwa kanga.

"Mama, umechelewa," Nakiete akasema. "Jana jioni uchungu uliponizidi nilikuita. Nilikuita mara tatu."

Namsifu akaketi sakafuni.

"Nilikusikia, mwanangu. Nilikusikia, na mlango sikufungua."

Akamweleza yote: sauti, komeo, nyayo, na fimbo zile chini ya genge. Nakiete akaitazama miguu ya mama yake iliyopasuka.

Kisha akasogea ukutani. "Panda ulale kwanza," akasema. "Mjukuu wako utamwona ukiamka."

Namsifu akapanda na matope yake, akalala, mtoto katikati yao.

Hadithi yangu imefika, haina njia tena mbele yake. Nanyi wajukuu zangu, mkichoka safarini pumzikeni, hata kama anayewaita mnampenda. Anayewangoja anawataka mkiwa hai.