Meza ya Halmashauri Mpya

Ndugu zangu, hebu sogeeni, na ninyi mliokaa nyuma mnisikie vizuri. Palikuwa na mji mdogo uliopewa halmashauri yake kwa mara ya kwanza. Watu wakachagua madiwani kumi na mmoja. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, na siku ya kuapishwa alilia kwa furaha. Lakini hiyo serikali ilikuwa wapi? Ofisi ni ghala la zamani la pamba. Mafaili hakuna. Muhuri haujafika. Hata meza hawakuwa nayo, mpaka karani alipohangaika akaazima, akaitandikia kitambaa cheupe.

Wananchi walikuwa wakingoja jambo moja tu lishughulikiwe: fisi. Fisi hao walishaanza kuingia mpaka majumbani. Jambo hilo likawekwa la tisa kwenye ajenda. La kwanza lilikuwa nani akae wapi. Mnacheka? Siku tatu, ndugu zangu! Watu wazima na mvi zao wanagombea nani awe mkono wa kulia wa mwenyekiti!

Siku ya tatu, mchana, upepo ukafunua kile kitambaa. Mwenyekiti akaona bawaba. Akapapasa chini, mkono ukagusa komeo.

"Karani, meza gani hii?"

"Mheshimiwa, ni mlango. Wa yule mama." Akamwonyesha mjane aliyekuwa akiwaletea maji ya kunywa.

Mwenyekiti akamwita. "Mama, mlango wako uko hapa tangu juzi. Usiku unafunga na nini?"

"Naweka kigoda pale mlangoni, Mwalimu, naketi. Wajukuu wanalala nyuma yangu." Alisema bila kinyongo. "Niliona serikali yetu ipate kwanza pa kuandikia."

Mwenyekiti akaondoa mikono yake taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba ameegemea madhabahu. Akavua kofia.

"Waheshimiwa, simameni. Tuubebe."

Wakaubeba wote kumi na mmoja, wakapita nao sokoni. Wakaupachika mahali pake, nyumbani kwa yule mama. Na hapohapo uani, wamesimama, wakaanza na jambo la tisa.

Na sisi je? Nani hapa hana cheo, hata kama ni cha kamati ya harusi? Cheo chako kimetandikwa juu ya kitu alichong'oa mtu nyumbani kwake. Mimi mwenyewe mimbari hii naishika kwa hofu. Nenda ukafunue kitambaa chako leo, jua halijazama. Kuna mtu ameketi mlangoni pake, na nyuma yake wamelala watoto.