Moshi wa Bwana Tillman

Palikuwa na tajiri katika mji mmoja wa Marekani, zama farasi na motokaa zilipokuwa zikigombania barabara. Jina lake Ambrose Tillman. Alikuwa na maduka mawili ya orofa sita, moja kulia, moja kushoto, na katikati kijumba cha matofali kimebanwa kama uzi wa nyama kwenye meno. Humo aliishi Bi Zofia, mjane, mkausha samaki kwa moshi.

Tillman alikitaka kijumba. Bi Zofia akakataa kuuza. Tanuri lake la kukaushia samaki ndilo lililomlisha.

"Kama hutoki," akasema tajiri, "nitapita juu yako."

Akajenga daraja la chuma na vioo juu ya paa la mjane, toka duka hadi duka, ili mabibi wenye kofia za manyoya wavuke bila kulowa.

Bi Zofia akaenda kortini. Jaji alizoea kula chakula cha mchana kwa Tillman, na hakikuwahi kumkwama kooni.

"Mama," akasema Jaji, "chako ni kuta na paa. Kuanzia paa kwenda juu, hewa na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana Tillman."

"Na vyote vilivyomo?"

"Vyote."

"Basi niandikie, Mheshimiwa. Mimi mtu wa kusahau."

Akaandikiwa, karatasi ikapigwa muhuri.

Daraja likafunguliwa siku ya Alhamisi. Hapo tajiri alikosea, maana hakuwa Mkatoliki. Mtaa wa kina Bi Zofia, Wakatoliki watupu, haukula nyama Ijumaa ila samaki, kwa hiyo Alhamisi ilikuwa siku ya kukausha samaki. Ilikuwa Agosti, joto kali, na madirisha ya daraja yote wazi. Mabibi waliingia wakinukia waridi, wakatoka wakinuka samaki. Paka wawili walimsindikiza mke wa meya mpaka mlangoni kwake.

Wiki mbili, darajani hapakupita mtu. Tillman akamburuta mjane kortini.

"Mwanamke wewe," akasema Jaji, "zima tanuri lako, au nitakutoa katika nyumba hiyo leo hii."

"Tanuri limekosa nini, Mheshimiwa? Liko ndani ya kuta zangu."

"Moshi wake umejaa darajani," akasema Tillman.

"Daraja liko wapi, Bwana Tillman?"

"Juu ya paa lako. Unalijua vizuri."

"Na huko juu ya paa ni kwa nani?"

"Kwangu. Jaji alikwisha kusema."

Bi Zofia akatoa karatasi kifuani, akaikunjua, akamwekea Jaji mezani.

"Nisomee, Mheshimiwa. Macho yangu mabovu siku hizi."

Jaji akasoma kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye "vyote vilivyomo" akakohoa.

"Lakini moshi umeutengeneza wewe," akasema.

"Nimeutengeneza, naam. Ukiwa tanurini, ni wangu, sikatai. Ukishapita paa, umekwenda kwa mwenyewe. Mimi si mwizi, sichukui mali ya mtu."

"Siutaki," Tillman akafoka. "Moshi wa nini mimi?"

"Hilo ni lako na mali yako, bwana." Kisha akamgeukia Jaji. "Ila umefanya vizuri kutuita, Mheshimiwa, maana na mimi nina mashtaka. Upepo ukigeuka, moshi wa bwana huyu unashuka dirishani kwangu, unaniumiza macho. Mwambie aufunge kwake."