Vidonge vya Kugawana

Wapendwa, fikirini wanawake wawili waliopanga nyumba moja, milango yao ikitazamana uani. Mmoja aliugua kifua kikuu. Mwenzake hakumkimbia. Alimfulia nguo, akampikia uji, akautia karanga ili apate nguvu.

Dawa zikamkubali yule mgonjwa. Kikohozi kikaisha, mwili ukarudi. Ndipo jirani naye akaanza kukohoa.

"Nenda zahanati, shoga."

"Nikapange foleni ile ya vifua, mtaa mzima ujue? Siendi."

"Basi chukua hizi zangu. Mimi si unaniona, hata kanga haifungiki kiunoni."

Wakagawana vidonge vilivyobaki, hakuna aliyemaliza dozi, na jirani naye akapata nafuu. Nani kati yetu asingeuita huo upendo?

Baadaye kikohozi kiliwarudia wote wawili, na mtoto mchanga wa jirani naye akaanza kukohoa. Sasa wakaenda zahanati. Vipimo vilipotoka, nao wakakiri kugawana vidonge, nesi aliwaambia kuwa dawa zile haziwasaidii tena, wala hazitamsaidia mtoto.

"Lakini nilimhurumia," alisema yule wa kwanza. "Yeye ndiye aliyenipikia uji."

Nesi akamvutia kiti. "Najua, dada. Ila vijidudu hivi havifi vyote pamoja. Vingine hujilaza, havili, havizaani, dawa inavipita tu. Ndiyo maana tunasema meza mpaka mwisho. Ukiacha katikati, vinaamka. Na vile ambavyo dawa haikuviweza ndivyo vinavyobaki kuzaana. Mtoto kaambukizwa vijidudu hivyo."

"Atapona?" aliuliza mama wa mtoto.

"Tutampa dawa nyingine, za muda mrefu. Tutajitahidi."

Ndugu zangu, uji ule ulikuwa upendo wa kweli. Kosa liliingia pale huruma ilipokubali kumficha mtu. Na sisi je? Jirani ana chuki na ndugu yake, tunampa maneno matamu, anatulia, tunasema yamekwisha. Yamelala tu. Yakiamka, maneno yale hayamwingii tena. Tulimtuliza kwa sababu tuliogopa kuaibika pamoja naye, na anayekuja kuumia ni mtoto ambaye hakugombana na mtu yeyote.

Leo ukimkuta mwenzako anaona haya kwenda anakopaswa kwenda, usimpelekee kitu. Mwambie, "Vaa viatu, twende wote."