Kidani cha Ghalib na Mrashi wa Shangazi

Tajiri Ghalib alileta kidani cha lulu nyeusi kuwa mahari ya Zena. Zena hakumtaka, lakini baba yake alikwisha kukubali, mradi lulu zisiwe za kutiwa rangi.

"Weusi huu zimezaliwa nao baharini," Ghalib aliapa.

"Alhamdulillahi," alisema Mwanashehe, shangazi yake Zena. "Kwetu bwana harusi hukivaa kwanza, tukamrashia marashi."

Akamvisha kidani juu ya kanzu yake nyeupe mpya, akainua mrashi.

Ghalib akaruka hadi mlangoni. "Utaniharibia kanzu, mama."

"Lulu za baharini zinaogopa maji?" aliuliza baba, akamfungulia mlango.

Ghalib alipotoweka na kidani chake, shangazi aliupindua mrashi, akautikisa. Haukuwa na hata tone.