Makopo ya Ng'ambo ya Uchochoro

Nyoka akiingia mvunguni mwa kitanda chako, fimbo uliyoiacha nyumbani kwa mkweo haikufai kitu, hata iwe ya mpingo yenye nakshi. Utashika ufagio, mwiko au kiatu, chochote kilicho karibu na mkono. Kila mtu analijua hilo akiwa ametulia. Nyoka akitoa kichwa, akili humruka mtu akaanza kutazama mbali. Ndivyo ilivyomkuta fundi mmoja wa makochi.

Fundi huyo alikuwa mgane. Mkewe alikwenda zake akamwachia cherehani, deni la huzuni na binti mmoja. Binti alikuwa amefika umri wa shule lakini hakuwa na neno hata moja kinywani. Kiziwi hakuwa, maana kijiko kikianguka jikoni aligeuka. Ila ukimwita jina lake ni kama umeuita ukuta, na ukimgusa bila yeye kutazamia, alipiga kichwa kwenye kilicho karibu. Mtaani walimwita Kimya. Baba yake alimwita mama, kama akina baba wanavyowaita binti zao.

Chumba cha mbele kilikuwa sebule, tena karakana. Kochi likiwa uchi, mbao zake zikionekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, fundi alilivalisha sponji, akavuta kitambaa, akajaza misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja. Nyundo yake ilikuwa na mwendo wake: ko-ko, ikatulia, halafu ko. Kimya alishinda chini ya meza ya kukatia vitambaa akiisikiliza. Nyundo ikinyamaza, yeye alilia.

Kero ilikuwa ng'ambo ya uchochoro, kwa mwanamke mmoja waliyembandika jina la Mama Makopo. Kila asubuhi baada ya chai, uani kwake yalianza kupigwa makopo, ngo, ngo, ngo, kama watu wanaofukuza ndege shambani. Hapo Kimya alichomoka chini ya meza, akashika nondo za dirisha, akazitikisa na kupiga mayowe.

"Wanamtia wazimu mwanangu," fundi aliwaambia majirani. Akachukua ubao akaliziba dirisha. Kimya akaupiga ubao kwa kichwa mpaka paji likavimba. "Si mnaona? Kelele zimeshamwingia." Akaenda kushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Mama Makopo alipokuja kuzungumza, fundi alimjibu kutoka nyuma ya mlango kwamba hana nafasi.

Siku moja akaja shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu mkewe. Alimkuta Kimya pale chini ya meza, nywele zimejaa vumbi la sponji. Akavua viatu, akakaa.

"Shemeji, mimi sikulaumu. Lakini mtoto wa dada yangu hawezi kukulia mvunguni kama paka."

"Anapapenda pale."

"Hata panya anapenda shimo. Kuna nyumba wanapokea watoto wa namna hii, wanalala huko huko. Mwezi ukiisha hujampatia mahali, nakuja kumchukua."

"Ni mbali?"

"Mbali. Utamwona mara moja kwa mwaka, ukijaliwa."

Kesho yake fundi alivaa shati lake la msibani, akamwacha mtoto kwa bibi mpangaji wa chumba cha nyuma, akatoka kutafuta serikali ilipo.

Hospitali walisoma cheti cha siku alipompeleka mtoto, wakamwambia hali yake inaitwa usonji, haina kidonge, aende Elimu. Elimu wakasema lazima mtoto apimwe.

"Amepimwa hospitali."

"Huko ni kupimwa kwa Afya. Kwetu anapimwa upya. Mpimaji yuko semina."

"Atarudi lini?"

"Semina ikiisha, mzee."

Akapelekwa Ustawi wa Jamii. Huko kulikuwa na benchi la ubao mtupu la kungojea, na nyuma ya dirisha, kiti cha karani, cha ngozi, kinachozunguka. Fundi alikitambua kile kiti. Alikivalisha yeye mwenyewe kabla mkewe hajafariki, akakijaza sponji ya daraja la kwanza. Sasa akaelewa kwa nini hawa watu hawana haraka ya kuinuka.

"Mtoto wako ni wa Afya, wa Elimu au wa Ustawi?" karani aliuliza.

"Ni wa kwangu."

"Mzee, nataka kukusaidia."

"Basi nisaidie. Nimuulize nani?"

Karani alizunguka na kiti, akatazama ukutani, akarudi. "Jaribu Elimu."

Akajaribu Elimu, akajaribu Afya, akarudishwa Ustawi. Kuna siku alitoka kwa mlango mmoja, akapanda ngazi, akakata kona mbili, akaingia mlango mwingine akiamini amefika ofisi mpya. Akajikuta mbele ya karani yule yule. Wakatazamana. Mahali pote mkubwa alikuwa ametoka kidogo, na huo udogo haukuwa na mwisho. Kichwa cha fundi kikawa kama kapu la nyuzi alilochezea paka. Akikaa kuvalisha kochi, alisahau upande wa mbele ni upi. Kiti cha mteja mmoja alikipigilia kitambaa upande wa ndani ukawa nje.

Mwezi ukaisha. Siku shemeji aliyosema atakuja, fundi alikwenda Ustawi kwa mara ya mwisho, akaambiwa mtandao hauko. Alirudi akikokota miguu. Kufika, akamkuta bibi mpangaji amesimama mlangoni, mikono kichwani.

"Mwanangu, nilifungua tu nimwage maji. Akanipita kama mshale."

"Kaenda wapi?"

"Ningejua ningekuwa nimesimama hapa?"

Fundi alikimbilia barabara kuu, mahali penye magari. Akapishana na shemeji anakuja na begi tupu la kuwekea nguo za mtoto.

"Yuko wapi?"

Fundi aliinua mkono asikilize. Alikuwa amesimama kama mti. Kutoka uchochoroni makopo yalikuwa yanapigwa, lakini si ngo, ngo, ngo ya siku zote. Ilikuwa ko-ko, ikatulia, halafu ko.

Hiyo ilikuwa nyundo yake.

Aliingia uani kwa Mama Makopo bila kubisha. Watoto walikaa duara juu ya mikeka. Mmoja alikuwa mkubwa wa kuota ndevu, amefungwa kanga kwenye kiti chake asianguke. Mwingine alizungusha kifuniko cha sufuria, akikitazama tu. Kati yao Kimya amekumbatia kopo la rangi, anapiga, na wenzake wanamfuatisha. Mama Makopo akainua mkono kumpa zamu wa pili. Kimya akalaza kijiti mapajani. Akangoja.

Fundi hakuwahi kumwona mtoto huyo akingoja kitu chochote duniani.

"Karibu, fundi," alisema Mama Makopo. "Umekuja kushtaki tena?"

"Mwanangu..."

"Kaja mwenyewe. Kabla hujaziba dirisha, kila siku tulimwona anatikisa nondo, nikawaambia wenzangu, yule anaomba kuingia. Nikaja kwako, ukaniongelesha kupitia tundu la kitasa."

"Nilidhani kelele zinamuumiza."

"Kilichomuumiza ni ubao wako."

Fundi aliangalia huku na huku. "Hapa ni Elimu au Afya?"

Wanawake wawili waliokuwa wakilisha watoto uji walicheka mpaka kijiko kikakosa mdomo. "Hapa ni uani kwangu," alisema Mama Makopo. "Huyo mwenye kanga ni mwanangu. Hayo madirisha uliyozunguka nimeyazunguka mimi mpaka ndala zikatoboka. Hawa wenzangu nilikutana nao kwenye lile benchi la ubao. Tukachoka kukutania pale, tukahamia hapa. Wawili wanabaki na watoto, wengine wanakwenda kazini. Mtaalamu wa mazoezi anapita mara moja moja, tunamchangia nauli."

"Mbona kule hawakuniambia?"

"Nani wa kukuambia? Hawajui mtaa huu uko wapi."

Shemeji alikuwa kasimama mlangoni muda wote, begi mkononi. "Na atatulia hivi kila siku?" aliuliza.

"Wapi. Siku nyingine atapiga kichwa. Siku nyingine nitapiga changu."

Shemeji alimtazama mtoto wa dada yake. Zamu ikazunguka duara, ikarudi, na Kimya akaokota kijiti chake kabla hajaambiwa. Yule mama mdogo akalikunja lile begi tupu, akaliweka kwapani, akajifuta macho kwa kiganja. "Basi ile nafasi wampe mwingine," alisema.

Siku ya pili fundi aliung'oa ubao dirishani. Aliukata, akautia miguu, akauvalisha sponji, likawa benchi la akina mama wanaobaki na watoto. Alilipigilia pale pale uani, ko-ko, kisha ko, na makopo yakamwitikia. Ofisi zile mpaka leo hazijamjibu kama mtoto ni wa Afya, wa Elimu au wa Ustawi, na yeye mpaka leo haelewi watu wanalipwa kwa kazi gani. Jambo moja tu amelielewa, na amelielewa kwa gharama ya paji la mwanawe: fimbo ya mbali haiui nyoka.