Kocha Aliyeondoka Kabla ya Kikombe

Niazimeni masikio kidogo kabla hatujasonga mbele na somo la leo. Nina habari ya mtu mmoja, na msihangaike kumtafuta ni nani, maana nimemtunga mwenyewe. Ila kama mkimaliza kumsikiliza mkaona anafanana na mtu mnayekaa naye benchi moja hapa kanisani, hilo si kosa langu.

Kulikuwa na mkufunzi mmoja katika chuo cha ualimu, kule nyanda za juu ambako wanachuo hupiga mswaki asubuhi huku wanatetemeka. Darasani alifundisha Jiografia, lakini hakuna aliyemkumbuka kwa Jiografia. Yule alikuwa kocha. Alipofika pale, timu ya chuo ilikuwa ya kutia huruma. Ilikuwa ikienda kwenye mashindano ya vyuo inatolewa mapema, hata magodoro waliyobeba kwenda kulalia madarasani hayajapata joto. Yeye akaishika. Akafyeka kiwanja, akawakimbiza vijana mlimani, akawafundisha mabeki kuongea na viungo kutulia. Miaka ikaenda, timu ikaanza kuogopwa.

Alikuwa na ufundi wake mmoja ambao hamtaukuta kwa kocha mwingine. Wakipata kona, aliwapanga washambuliaji mstari mmoja mbele ya goli, huyu nyuma ya huyu, kama watu wanaosubiri wali bwaloni. Mpira ukipigwa, mstari unapasuka, kila mmoja na njia yake, na mabeki wa watu wanabaki wanatazamana. Wanachuo wakaibatiza jina, kona ya bwaloni.

Sasa, mambo yote hayo yalikaa kichwani kwake. Alikuwa na msaidizi, mkufunzi kijana wa Hisabati, mtu mpole. Kazi ya msaidizi ilikuwa kubeba mfuko wa mipira na kujaza chupa za maji. Siku moja kijana alijipa moyo akauliza, "Mwalimu, leo kwa nini umemtoa winga wakati alikuwa anacheza vizuri?"

"Wewe shughulika na maji," akajibiwa.

Msimwone mtu mbaya. Aliipenda timu ile kweli kweli, na mvua ilimnyeshea kwa ajili yake. Ila kulikuwa na kitu alichokipenda kuliko timu yenyewe, nacho ni kujua kwamba hakuna mwingine anayeiweza.

Sifa zikafika mbali, chuo kikuu kimoja kikamchukua akawe mmoja wa makocha wao. Wakamuaga vizuri, kwa pilau na hotuba. Mkuu wa chuo akasimama akasema, "Mwalimu, pengo lako halitazibika." Ninyi mnayajua maneno hayo. Tunayasema katika kila sherehe ya kuagana, tunayasema hata kwa mtu ambaye tulikuwa tunasubiri kwa hamu aondoke. Yeye aliyaamini. Akafunga mizigo yake, akaondoka bila kumwambia msaidizi hata neno moja la kazi. Aliwaza, watajua wenyewe.

Kule chuo kikuu alikuta nyasi nzuri na vyumba vya kubadilishia nguo, lakini hakukuta mtu wa kumwita "Mwalimu" kama lile ndilo jina lake. Walimu walikuwa wengi. Kwa hiyo jioni akawa anampigia simu matroni wa chuo chake cha zamani, mama mmoja mwenye subira.

"Habari za huko, matroni?"

"Nzuri tu, Mwalimu. Mvua zimekuja vizuri mwaka huu."

"Na timu?"

"Inaendelea."

"Inaendelea vipi?"

"Jumamosi wameshinda."

Halafu akauliza, "Wamecheza na nani?" Alipotajiwa chuo, akacheka. "Ah, hao! Hao hata mimi ningewafunga kwa wachezaji wagonjwa." Akaaga.

Lakini kuna wiki matroni alimwambia timu imefungwa. Siku hiyo simu ilikuwa ndefu. Alitaka kujua walifungwaje, nani alikosea, msaidizi alisema nini. Akaulizia na afya za watu. Akamsalimia mpaka mlinzi wa getini. Matroni alipokata simu alibaki ameishika mkononi, anajiuliza leo Mwalimu amepatwa na furaha gani.

Mmeshaelewa alichokuwa anakitafuta? Sidhani kama yeye mwenyewe alikuwa ameelewa. Ukimuuliza angekuambia anawajali vijana wake. Na kweli alikuwa anawajali. Ila alikuwa anasubiri kusikia jambo moja tu duniani, watu waseme kwamba bila yule mwalimu, pale hakuna timu.

Mwaka uliofuata, timu hiyohiyo, chini ya msaidizi huyohuyo wa kujaza chupa za maji, ikaingia fainali.

Kocha akaomba ruhusa kazini, akasafiri, akaja uwanjani. Hakwenda kuwasalimia vijana kwanza. Alisema moyoni asije akawachanganya. Akakaa juu jukwaani, kofia imeshuka usoni. Bahati yake, au niseme bahati mbaya, pembeni yake alikuwa ameketi mama mmoja aliyejifunga kitambaa cha kijani, rangi ya chuo kile.

"Mwalimu! Si wewe?" mama akasema. "Mimi ni mama yake golikipa. Ulikuja nyumbani tulipofiwa."

"Ni mimi, mama. Nakumbuka. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Huyu mtoto akija likizo hatupumziki. Ni mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile."

Kocha akatabasamu, akageuka kutazama mpira. Alidhani mama anazungumzia ya zamani.

Kipindi cha kwanza timu yake ya zamani ikapata goli. Jukwaa la kijani likalipuka, mama akapiga vigelegele mpaka kitambaa kikadondoka. Kocha alipiga makofi, taratibu, kama mtu anayepiga makofi baada ya hotuba ya mgeni rasmi. Alisema beki wa kule aliteleza. Kweli aliteleza.

Kipindi cha pili wapinzani wakabadilika. Wakaja juu, wakabisha hodi mara hii, mara ile, mwisho mpira ukamgonga beki mguuni ukaingia wavuni. Goli la kusawazisha.

Na kocha akajikuta amesimama. Mikono yote miwili ilikuwa juu, na mdomo ulikuwa wazi, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya mtu aliyefunga goli.

Katika safu ile nzima alikuwa amesimama peke yake. Mama yake golikipa akamtazama kutoka chini. Hakukasirika. Alidhani mzee wa watu amechanganya jezi.

"Mwalimu," akamwambia polepole, "waliofungwa ni wa kwako."

"Nimeona, mama," akasema, akakaa.

Aliona aibu, ndugu zangu, aibu inayochoma masikio. Angeweza kuachia hapo. Angeweza kusema, moyo wangu, kumbe umefika huku, turudi. Lakini mnajua tunavyofanya na aibu. Hatuitubu, tunatafuta mlango wa kutokea. Akatazama saa, akamwambia mama kwamba ana gari la kuwahi.

Alikuwa bado kwenye ngazi wakati vijana walipopata kona, dakika zimekwisha, mwamuzi amekwisha kutazama saa yake. Kocha akasimama. Akawaona wanajipanga mstari mbele ya goli, huyu nyuma ya huyu. Kona ya bwaloni! Ila waliifanyia jambo ambalo yeye hakulifundisha. Yule wa mwisho mstarini alijitenga, akarudi nyuma, akabaki nje ya boksi peke yake kama mtu aliyesahau sahani. Kocha akaona mara moja kwamba ni wazo zuri. Kuliko lake. Na moyo wake ukaomba, hapo kwenye ngazi, kwa maneno kabisa. Ukaomba akose.

Mpira ukapigwa, mstari ukapasuka, mabeki wakawafuata wote, na mpira ukamwangukia yule aliyebaki nyuma. Akaupiga chini kwa chini. Goli.

Kocha hakusubiri filimbi. Alishuka ngazi zilizobaki upesi, akatoka getini, akaita bodaboda. Mwenye bodaboda alikuwa anahangaika na kofia ya abiria, kamba yake haifungi, na wakati anahangaika kipaza sauti cha uwanjani kikaanza kusikika mpaka barabarani. Alikuwa ni msaidizi, amepewa kikombe, ameombwa aseme machache.

"Mimi nilikuwa sijui kitu," msaidizi akasema, na watu wakacheka. "Siwatanii. Sikujua. Mwalimu wetu alipohama, nilikaa na hawa vijana uwanjani nikawauliza, hapa mwalimu alikuwa anasemaje? Wakaniambia. Kesho yake nikawauliza tena. Mwaka mzima ndiyo kazi niliyofanya. Tulikuwa tukikwama tunaulizana, angekuwepo mwalimu angefanyaje? Hata ile kona ya mwisho ni yake, sisi tumeongeza mtu mmoja tu. Kikombe hiki sistahili kukishika wa kwanza. Nimeambiwa yupo hapa leo. Kama yupo, tunamwomba ashuke."

Uwanja ukaanza kupiga makofi ya kumwita. Wakamtaja jina. Golikipa akaonekana anatazama jukwaani upande wa mama yake, na mama yake anatazama kiti kitupu.

Jambo alilolisubiri mwaka mzima kwenye simu lilikuwa linasemwa, tena mbele ya umati, tena na mtu yuleyule ambaye yeye alimwambia ashughulike na maji. Na kutoka pale alipo mpaka ndani ni hatua chache tu. Kwa nini hakurudi? Geti lilikuwa wazi, hakuna aliyemzuia. Ila angepita mbele ya mama yule. Na mama alikuwa amemwona alipokuwa amesimama na mikono juu.

Mwenye bodaboda akatega sikio. "Mzee, wanamwita nani huko ndani?"

"Kocha wao wa zamani."

"Mbona hashuki?"

Kocha akavaa kofia, kamba inaning'inia. "Nadhani hakuja," akasema. "Twende."

Wakaenda.

Sasa tumwache huyo aende zake, tubaki sisi. Nimesikia mnacheka kwenye ile simu ya matroni. Mimi ninawauliza, ni nani hapa hajapiga simu ile? Uliongoza kikundi cha akina mama, ukamaliza muda wako, ukakabidhi. Leo ukisikia mkutano wao umejaa unauliza walikuja wangapi wa kutoka nje, na ukisikia wamegombana unakaa vizuri kwenye kiti, unasema, "Hebu nisimulie." Ulikuwa mkuu wa shule, ulikuwa fundi mkuu gereji. Umemwoza mtoto wa kiume, ukimpigia simu unamuuliza, "Mwanangu, unakula kweli huko?" Akikujibu kwamba anakula vizuri, mama, kwa nini sauti yako inapungua?

Sisi hatuombi kazi ya Mungu ife. Tungeulizwa hivyo tungekataa kwa hasira. Tunaomba tu iyumbe kidogo bila sisi, watu watukumbuke. Na hatujui, wapendwa, kwamba huko tulikotoka wanatukumbuka kila siku. Wanaulizana tulikuwa tunasemaje. Kila wanaposhinda sisi tumo humo ndani. Kwa hiyo tukiwaombea washindwe, ni kazi ya mikono yetu wenyewe tunaiombea ianguke, halafu tunaiita hiyo upendo.

Kutubu kwenyewe si kugumu. Kocha alihitaji kumgeukia mama yule na kumwambia, "Mama, nimeshangilia vibaya. Nisamehe." Angekaa, angeshuka, angeshika kikombe huku masikio bado yanawaka. Mungu hakatai mkono wa mtu mwenye aibu.

Nimemaliza. Mnajua wote kwamba kwaya yetu imepata mwalimu mpya mwezi huu, na mnajua aliyekuwa anaifundisha tupo naye humu ndani. Simtazami. Kuna waimbaji pia waliostaafu, nao siwatazami. Kwaya inakuja kuimba sasa hivi, wimbo uleule wa siku zote, na katikati kuna mahali sauti ya kwanza inapanda juu sana, pale ambapo miaka iliyopita palikuwa hapana shida. Leo wanapajaribu na mtu mwingine. Wakifika pale, msiwatazame wao. Kila mmoja wetu asikilize moyo wake unaomba nini.

Kwaya, njooni mbele.