Kitabu cha Kanuni na Wali wa Nje ya Lango

Palikuwa na Sultani, jina lake Badi wa Shee, aliyependa kanuni kama wengine wanavyopenda usingizi. Asubuhi moja akaamuru kitabu kikubwa kiwekwe barazani mwa jumba lake. Kila mwenye kazi, akasema, aandike humo kanuni za kazi yake, ili jumba zima liende kwa kitabu kimoja. Kuandika, ruhusa. Kufuta, marufuku. Atakayevunja kanuni hata moja, kazi hana, na chumba alichopewa jumbani ahame.

Watu wakaandika. Ya kwanza aliiandika Sultani kwa mkono wake: wali uwe mezani kila siku adhuhuri. Mtunza ghala akaandika kwamba mchele hautoki bila barua ya katibu. Katibu naye akaandika kwamba barua ya mchele haitolewi mpaka mchele wenyewe uletwe auone. Kila mmoja aliandika yake akaenda zake, na ya mwenzake hakuisoma, maana kuandika kuna raha yake na kusoma ni kazi. Mwezi ulipoandama, kanuni zilikuwa mia mbili na kumi na nne, na Sultani ana siku ya tatu anakula tende.

Lawama zikamwangukia mpishi, Bi Mize binti Kombo, mjane asiye na kitu ila ulimi wake na chumba cha nyuma ya jiko alimokaa na mama yake asiyeona. Alipoitwa barazani alikuja na mwiko mkononi, kwa kuwa jikoni haukuwa na kazi.

"Siku tatu sijaona wali," akasema Sultani. "Umevunja kanuni ya kwanza."

"Nimeitii ya kumi na mbili, Bwana. Mchele hautoki bila barua."

"Ungechukua barua."

"Ya kumi na tisa inataka mchele kabla ya barua."

"Basi ungempelekea katibu mchele auone."

"Upi, Bwana?"

Sultani akamtazama katibu. Katibu akatazama dari.

Bi Mize akasema jambo lenyewe si zito: ifutwe mojawapo, watu wale. Sultani akakataa katakata. Leo ukifuta mstari, akasema, kesho watu watataka kufuta ukurasa, na kesho kutwa watauliza kitabu ni cha nini.

"Hafuti mtu. Kanuni hizi zinamfunga kila aliyemo humu."

"Hata wewe, Bwana?"

"Hata mimi."

"Haya," akasema Bi Mize. "Baraza imesikia."

Sultani akaona amechokozwa. Akatoa amri yake: kesho adhuhuri anataka wali mezani, na isifutwe kanuni, isiongezwe kanuni, isivunjwe kanuni. Bi Mize akishindwa, yeye na mama yake watoke na mikeka yao siku hiyo hiyo.

Mama yake aliposikia habari hizo aliuliza kama aanze kukunja mikeka. Bi Mize akamwambia asubiri kidogo. Akarudi barazani, akakisoma kitabu chote, kanuni ya kwanza hadi ya mwisho, na inasemekana ndiye mtu wa kwanza kufanya hivyo.

Kesho yake akavuka barabara, akaazima pishi ya mchele na sufuria kwa jirani mmoja. Akapanga mafiga matatu nje ya lango la jumba, akawasha moto, akakuna nazi, akatia iliki. Kisha akawaomba wachukuzi wawili waitoe nje meza ya Sultani, kwa sababu katika kanuni mia mbili na kumi na nne hapakuwa na hata moja iliyosema meza ikae wapi.

Adhuhuri Sultani akatoka akifuata harufu. Alikula sahani mbili. Halafu akanawa, akajifuta, akatabasamu.

"Nimekukamata. Kanuni ya bawabu: chakula cha nje kisivuke lango hili."

"Kimevuka wapi? Wali uko nje. Meza iko nje. Na wewe, Bwana, uko nje."

"Mchele wa nani?"

"Wa jirani. Ghala haijaguswa, barua haijaandikwa, katibu hajasumbuliwa."

Sultani akasema haiwezekani mtu mmoja akatimiza kanuni zote zile. Yeye mwenyewe hazijui. Ataingia ndani sasa hivi, akifungue kitabu, na hatakifunga mpaka apate moja ya kumfukuzia. Akainuka, akaelekea langoni. Mkuki wa bawabu ukashuka mbele ya kifua chake, kwa adabu zote.

Bawabu, mzee Sharwani, akaeleza. Askari walikuwa na mtindo wa kutoka kula mihogo ya kuchoma barabarani, kisha wanarudi kuapa kwamba hawakuingiza kitu. Ndipo akaandika kwamba chakula cha nje kisivuke lango kikiwa mkononi, kikapuni, kofiani wala tumboni. Na Sultani aliposomewa kanuni hiyo alicheka sana, akaigonga muhuri.

"Mimi ndiye Sultani," akasema Sultani.

"Ndiyo, Bwana. Ulisema hata wewe."

Akaamuru basi kitabu kiletwe nje. Katibu akajibu kutoka ndani, kwa masikitiko, kwamba kanuni ya tatu hairuhusu kitabu kutoka barazani.

Sultani akarudi kwenye meza yake, akakaa. Akafikiri. Mwishowe akasema hana haraka. Chakula hakidumu tumboni, na mwili una taratibu zake ambazo hazikuandikwa na bawabu. Atangoja pale pale mpaka tumbo liwe tupu.

"Na nikishavuka lango hilo tu, Bi Mize, chumba unahama."

Bi Mize akafunua sufuria, mvuke ukapanda.

"Nimekusikia, Bwana. Nikuongezee wali?"